Pilipili Usiyoila

Nchini Saudia kuna mitaa ijulikanayo kwa jina la Al-Naseem, ukiwamo mmoja mashariki ya Riyadh na mwingine Jeddah. Jina ni moja na maana yake ni moja: upepo mwanana. Kisa ninachotaka kukieleza kilitokea katika ule wa Riyadh, ndani ya zahanati ndogo, miaka kadhaa iliyopita, nacho hakikuzidi dakika kumi. Sikielezi kwa kuwa kina ajabu. Nakieleza kwa kuwa nilikuwa na kazi ya kufanya ndani yake, na kazi hiyo sikuifanya sawasawa.

Nilikuwa nimekwenda kupima shinikizo la damu. Nikiwa katika foleni nilizungumza kwa simu na jamaa yangu wa Tanga, na muuguzi mmoja Mfilipino akanisikia. Alinijia, akaniuliza kwa Kiarabu cha kuungaunga kama hayo niliyokuwa nikisema ndiyo maneno ya watu wa Kenya. Nilipokubali, alinishika mkono akanipeleka chumba cha pili. Humo alikuwamo daktari, mama mmoja mwenye nyumba, na mfanyakazi wake, mwanamke wa Kwale wa umri wa miaka thelathini hivi. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono wake wa kulia ameulaza juu ya mto, mbali na mwili, kama mtu aliyewekeshwa amana ya mwenziwe.

Aliponisikia namsalimu kwa Kiswahili, alishusha pumzi. “Dada, alhamdulillahi nimepata mtu. Mwambie daktari mkono huu waniwaka. Ni kama umepakwa pilipili kwa ndani. Halafu mara hunipiga kama shoti ya umeme. Hata mtandio ukinigusa, hata upepo wa feni, naona roho yataka kunitoka.”

Miezi minane nyuma alikuwa amemwagikiwa na mafuta ya kukaangia sambusa. Kidonda kilitunzwa, kikafunga. Daktari aliugeuza mkono, akaitazama ngozi, akamwambia akunje vidole na kuvikunjua. Ngozi ilikuwa imepona na kovu limelala. Mama mwenye nyumba akaeleza kwamba huyu amekwisha kupona zamani, ila kazi imemchosha na anataka kurudi kwao. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetoa habari ambayo kila mmoja anaijua. Kisha daktari akanigeukia: anasema nini?

Nikajibu: anasema ana maumivu mkononi.

Ndivyo nilivyosema. Niliyachukua maneno yote yale nikayafanya neno moja. Sikukusudia ubaya. Palikuwa na haraka, palikuwa na watu wanaongoja nje, na niliona haya kusimama mbele ya mama yule nikataja pilipili na roho kutoka. Moyoni niliyahesabu maneno ya yule dada kuwa ni mapambo, mazungumzo ya mtu ambaye hajasoma, nami kazi yangu ni kuyasafisha ili daktari apate kiini chake. Daktari aliandika vidonge vya kawaida vya kutuliza maumivu na marhamu ya kovu. Katika nchi ile, kanuni za wafanyakazi wa nyumbani za mwaka 2013 zilimpa mfanyakazi haki ya likizo ya ugonjwa, lakini kwa cheti cha daktari. Cheti hakikuandikwa. Yule dada aliniambia ahsante. Aliona kwamba nilisema maneno machache kuliko yake, lakini aliniambia ahsante.

Kwa muda mrefu baadaye nilijiuliza lile swali ambalo ndilo kiini cha insha hii. Mtu akisema anaumia, na mwili wake hauonyeshi kitu, tunawajibika kumwamini kwa msingi gani? Na je, elimu ya siku hizi kuhusu namna maumivu yanavyosafiri mwilini imelimaliza swali hilo, au imelibadilisha sura tu?

Niliposoma habari za maumivu ya neva, nilikutana na orodha ya maswali iitwayo DN4, iliyotungwa na madaktari wa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2005. Ina vipengele 10. Mgonjwa akipata vinne au zaidi, daktari hudhani kwamba maumivu yake hayatoki katika nyama iliyojeruhiwa, bali katika mishipa ya fahamu yenyewe. Kati ya vipengele hivyo kimo kuungua, kimo kupigwa kama na umeme, na kimo kuumizwa na mguso mwepesi usiopaswa kumuumiza mtu. Yule dada alikuwa amekwisha kuvitaja vitatu kabla ya kuulizwa lolote. Nami, kwa kusafisha, nilivifuta vyote vitatu. Nilichokiona kuwa ni mapambo ndicho kilichokuwa dalili.

Lugha yetu haikuwa na kosa katika jambo hilo. Kiswahili kina msamiati mpana wa maumivu, na kila neno lina mahali pake. Tumbo husokota. Jipu hupwita. Kidonda kikiingia chumvi huchonyota. Koo hukereketa. Ngozi huwasha, na kuwasha kuna kwa upele na kuna kwa pilipili, na msikilizaji hutambua kwa mahali neno lilipokaa. Tena tukisema kichwa chaniuma, kichwa ndicho kitendacho na mimi ndiye ninayetendwa. Kuuma ni kuuma kwa meno. Kiarabu nacho kina njia za kusema hivyo. Mimi niliishika iliyo fupi kuliko zote, nikamwambia daktari kwamba huyu “ana maumivu”, kama mtu anavyokuwa na pochi.

Tuangalie sasa kinachotokea mwilini, kwa kuwa bila ya kukijua hatuwezi kupima kama kinatufaa katika swali letu.

Mwili wa mtu mzima una kalsiamu ipatayo kilo moja hivi, na takriban asilimia 99 yake imo katika mifupa na meno. Kilichobaki ni kidogo mno, lakini hicho ndicho kinachoamrisha moyo upige, msuli ukaze, na mshipa wa fahamu uuambie mwenziwe jambo. Nje ya seli ya neva kalsiamu ni nyingi mara 10,000 hivi kuliko ndani yake. Seli hutumia nguvu usiku na mchana kuiweka nje, kama mabaharia wanaoyafua maji ya chombo. Katika ngozi ya seli mna mifereji midogo ya protini yenye milango, na seli ikitulia milango hiyo hufungwa.

Kidole kikiungua, habari husafiri kama mshtuko wa umeme kupitia mshipa wa fahamu hadi katika ugwe wa mgongo, ile kamba laini ya neva ipitayo ndani ya uti wa mgongo. Hapo mshipa wa kwanza huishia. Kati yake na mshipa wa pili pana mwanya, na umeme ule hauruki mwanya. Mifereji ya kalsiamu iliyo mwishoni mwa mshipa wa kwanza huhisi badiliko la umeme, hufunguka, na kalsiamu huingia kwa kasi. Katika muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, vifuko vilivyojaa kemikali hupasukia katika mwanya, na mshipa wa pili huipokea habari na kuipandisha ubongoni. Bernard Katz, aliyekimbia Ujerumani mwaka 1935 akafanya kazi London, ndiye aliyeonyesha pamoja na Ricardo Miledi, katika miaka ya 1960, kwamba bila ya kalsiamu kuingia, ujumbe hauvuki. Katika mishipa ya maumivu, mfereji wenye kazi kubwa zaidi hapo ni ule wataalamu wauitao wa aina ya N.

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba ugwe wa mgongo si waya wa kupitisha habari tu, bali ni lango. Habari inayofika hapo huweza kuongezwa, kupunguzwa au kuzuiwa, kutegemea habari nyingine zinazotoka mwilini na amri zinazoshuka kutoka ubongoni. Mambo mengi ya nadharia ile yamesahihishwa tangu hapo, lakini wazo la lango limebaki.

Na lango huweza kuharibika. Katika majaribio ya wanyama imeonekana kwamba mshipa wa fahamu ukijeruhiwa, protini moja iliyoshikamana na mifereji hiyo, iitwayo alfa-2-delta, huongezeka sana, na mifereji mingi zaidi hupelekwa mwishoni mwa mshipa. Kalsiamu inayoingia huwa nyingi, kemikali zinazomwagika huwa nyingi, na mshipa wa pili huzoea kuitikia kwa nguvu. Mguso wa kitambaa hufika ubongoni umevaa nguo za moto. Kidonda huwa kimefunga, lakini mlango haujafunga.

Dawa ya gabapentini, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1993 kwa ajili ya kifafa na baadaye ikatumika kwa maumivu ya neva, iligunduliwa mwaka 1996 kwamba hujishika katika protini hiyohiyo. Mofini nayo, miongoni mwa kazi zake katika ugwe wa mgongo, huizuia mifereji ya aina ya N isifunguke. Na kuna dawa ya tatu iliyotoka baharini. Konokono wa baharini wenye kombe la umbo la pia, ambao jamii yao huishi tangu Bahari ya Shamu hadi pwani yetu ya Afrika Mashariki na kuvuka hadi Pasifiki, huwinda kwa sumu. Katika sumu ya aina mmojawapo, Conus magus, maabara ya Mfilipino Baldomero Olivera katika Chuo Kikuu cha Utah ilipata chembe inayoufunga mfereji wa aina ya N. Dawa iliyotokana nayo, zikonotidi, ilikubaliwa Marekani mwezi Desemba 2004. Hupelekwa kwa pampu hadi katika maji yanayouzunguka ugwe wa mgongo, wala haifai kupitia damu, kwa kuwa mifereji ileile hufanya kazi nyingine mwilini, na shinikizo la damu huweza kuporomoka. Hata ikipita njia yake huweza kumchanganya mtu akili na kumwonyesha visivyokuwapo. Mlango wa maumivu haukujengwa kwa ajili ya maumivu peke yake.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu nilifurahi, na furaha hiyo ndiyo ninayoitilia shaka leo. Nilimwona yule dada amepata wakili. Nilijiwazia nikirudi katika kile chumba na karatasi mkononi, nikimwambia mama mwenye nyumba: tazama, si uvivu, ni protini. Hata pilipili yake ilikuwa na msingi. Kipokezi kimoja katika mishipa ya maumivu hujibu joto kali na hujibu pilipili, na ugunduzi huo ulimpatia David Julius nusu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Anayesema mkono wake unawaka kama pilipili hasemi kwa mafumbo hata kidogo. Anasema habari ya mlango mmoja ambao lugha yake iliujua kabla ya maabara.

Lakini karatasi ile isingekuwa na jina lake. Ingeeleza kinachotokea katika ugwe wa panya, na kinachodhaniwa kutokea katika watu kwa jumla. Hakuna daktari katika Al-Naseem ya Riyadh, wala ya Jeddah, wala katika hospitali yoyote kubwa ya dunia, anayeweza kuchungulia ugwe wa mgongo wa mtu aliye hai akahesabu mifereji yake na kusema: huyu anaumia kwa kiasi hiki. Mama mwenye nyumba angeweza kuisoma karatasi yangu yote, akaikubali, kisha akaniuliza: umejuaje kwamba huyu ni mmoja wao? Ningelazimika kujibu: kwa kuwa yeye amesema. Tungekuwa tumerudi palepale.

Mtu atasema: ngoja, chombo kitapatikana. Huenda. Basi na tujalie kwamba kimepatikana, kimashine kidogo kinachoonyesha namba mlangoni mwa zahanati. Waliokitengeneza walijuaje kwamba namba tisa ni maumivu makali na namba mbili ni hafifu? Hawakuwa na njia ila moja: waliwakusanya watu, wakawauliza wanahisi nini, wakalinganisha majibu yao na mishale ya chombo. Kila kipimo cha maumivu duniani kimezaliwa na neno la mwenye maumivu. Orodha ya DN4 yenyewe ilipatikana kwa kusikiliza. Hata habari tuliyo nayo kuhusu mifereji ya kalsiamu tumeiita habari ya maumivu kwa sababu mahali fulani, mwanzoni mwa safari hiyo, mtu alisema hapa naumia na mwingine akamwamini. Hivyo chombo hakiwezi kuwa hakimu wa ushuhuda kwa jumla, kwa kuwa mamlaka yake yote yametokana na ushuhuda huo. Kinaweza kumsaidia shahidi, na hata kumsahihisha huyu au yule. Hakiwezi kumwondoa shahidi kizimbani na kukaa mahali pake.

Hili lina uzito wa kimaadili. Tukisema tutamwamini mwenye maumivu pale tu sayansi itakapomthibitisha, tunakuwa tumemweka kizimbani maisha yake yote, kesi inaahirishwa hadi ushahidi ukamilike, naye anaendelea kufua na kupiga pasi kwa mkono uleule. Wataalamu wenyewe wamelitambua hilo. Jumuiya ya kimataifa ya wachunguzi wa maumivu iliporekebisha maana ya neno maumivu mwaka 2020, iliongeza maelezo kwamba taarifa ya mtu kuhusu maumivu yake inapasa kuheshimiwa, na kwamba kushindwa kusema hakuondoi uwezekano kwamba mtu anaumia. Watu walioijua mifereji ya kalsiamu kuliko mimi na wewe, msomaji, walipotaka kueleza maumivu ni nini, walirudi kwenye neno la mtu.

Basi sayansi hii imetufaa nini? Imetufaa kwa jambo moja kubwa: imemnyang'anya mwenye shaka hoja yake kuu. Kabla yake angeweza kusema, pasipo kidonda hapana maumivu. Sasa hawezi kusema hivyo na akabaki mtu anayejua anachosema. Mifereji ya kalsiamu haithibitishi kwamba yule dada alisema kweli. Inathibitisha kwamba ngozi iliyopona si ushahidi wa kwamba alisema uongo. Kati ya mambo hayo mawili pana nafasi, na nafasi hiyo haijazwi na maabara. Hujazwa na uamuzi wetu wa namna ya kuishi na watu.

Tuna methali mbili zinazosimama hapo. Ya kwanza husema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Elaine Scarry, katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu mwili katika maumivu, ametoa wazo linalokaribiana nayo: kwa mwenyewe maumivu ni yakini kuliko yote, na kwa anayesikia ni mfano wa kitu cha kutiliwa shaka. Methali ya pili ni ile ya kuuliza: pilipili usiyoila yakuwashiani? Tumezoea kuitumia kumkemea mtu anayejiingiza katika mambo yasiyomhusu. Lakini ukiisikiliza tena, imebeba pia kukiri. Pilipili asiyeila haimwashi. Ni kweli, na hakuna mfereji wa kalsiamu unaotoka katika ugwe wa mgongo wa mtu mmoja kuingia wa mwingine. Swali ni tunafanya nini na kweli hiyo. Mmoja huifanya sababu ya kuondoka: haijaniwasha, basi haipo. Mwingine huifanya sababu ya kusikiliza: haijaniwasha, basi sina njia ya kuijua ila kwa aliyeila. Methali zenyewe hazituchagulii.

Ipo hoja ya upande wa pili, na haifai kuipuuza. Watu husema uongo. Mfanyakazi huweza kujifanya mgonjwa, na mgonjwa huweza kutaka dawa kwa sababu nyingine. Marekani imezika watu wengi mno kwa dawa za jamii ya mofini zilizotolewa kwa wepesi, na Uingereza iliweka gabapentini na ndugu yake pregabalini chini ya sheria ya dawa zinazodhibitiwa mwezi Aprili 2019. Je, kumwamini kila asemaye anaumia si kufungua ghala la sumu?

Nadhani hoja hii inachanganya mambo mawili: kuamini na kutoa. Ninaweza kumwamini mtu kwamba anaumia na nisimpe dawa anayoitaka, kwa kuwa itamdhuru. Ninaweza pia kumpa mtu dawa ili aondoke, bila ya kumwamini hata chembe, na wengi hupewa hivyo. Nahofia vidonge alivyoandikiwa yule dada vilikuwa vya aina hiyo. Uganda ilikwisha kutuonyesha kwamba uaminifu na uangalifu huweza kukaa nyumba moja. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, na wagonjwa wa saratani waliokuwa wakifa kwa mateso wakaanza kupewa mofini ya maji, inayotengenezwa kwa unga uliochanganywa na maji, ya kunywa nyumbani. Mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi na maafisa wa tiba waliofunzwa kazi hiyo kuiandika wenyewe, kwa kuwa daktari hafiki kila kijiji. Dawa ile haikumwagwa ovyo. Iliandikwa na kuhesabiwa. Lakini hatua ya kwanza ilikuwa mtu kuketi kitandani kwa mgonjwa na kumuuliza unahisije, kisha kuandika alichojibu.

Tena tupime hasara za makosa mawili. Nikimwamini mwongo, nimepoteza siku ya kazi au nimedanganywa. Nisipomwamini mkweli, nimemwongezea maumivu mengine juu ya yale ya kwanza, yaani upweke wa kujua jambo ambalo kila mtu chumbani analikana. Dunia imeyapima makosa hayo kwa mizani isiyo sawa. Tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizogawiwa duniani kwa mwaka, ni tani 0.1 tu zilizofika katika nchi maskini. Sehemu moja ya dunia inahofia kuamini kupita kiasi, na sehemu nyingine, ambayo ni kwetu, bado inangoja kuaminiwa.

Wala imani haigawiwi sawa ndani ya chumba kimoja. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwauliza wanafunzi wa udaktari na madaktari wanafunzi weupe kuhusu tofauti za miili ya watu weupe na weusi. Karibu nusu yao walikubali angalau jambo moja la uongo, kama vile kwamba ngozi ya mtu mweusi ni nene zaidi, na waliokubali mambo hayo walielekea kuyaona maumivu ya mweusi kuwa ni madogo. Hao walikuwa wamesomeshwa mishipa ya fahamu. Walijua neva hufanya kazi vipi, na elimu hiyo haikuwazuia. Hapa naona tena kwamba anayengoja ujuzi umlete kwenye uadilifu huenda akafika kwenye ujuzi na akakaa hapo.

Nimesema habari za wengine kwa urefu, na yafaa nirudi kwangu. Katika chumba kile mimi si daktari wala mwenye nyumba. Sikuwa na uwezo wa kuandika cheti. Nilikuwa mwanya tu, kama ule ulio kati ya mshipa na mshipa, na neno la yule dada lilikuwa halina pa kuvukia ila kwangu. Sikumwita mwongo. Nilifanya jambo jepesi zaidi, na pengine la kawaida zaidi: nilimwamini kwa jumla, nikamtilia shaka kwa maneno. Niliamua kwamba anaumia, kisha nikaamua mwenyewe anaumia vipi. Kumbe kumwamini mtu ni kuyaamini maneno aliyoyachagua, na kuyafikisha kama alivyoyachagua, hata yakikutia haya.

Kwa Kiswahili tunalo neno ambalo lugha nyingi hulitafuta bila ya kulipata. Tunasema pole. Tunamwambia aliyejikwaa ingawa hatukumsukuma, na tunamwambia mgonjwa kabla ya kujua ugonjwa wake. Pole haingoji vipimo. Lakini hata pole huweza kuwa njia ya kuondoka mapema. Mimi nilimwambia yule dada pole, mara mbili, mlangoni, na yeye akanijibu nishapoa, kama adabu inavyotaka, naye hajapoa. Alichohitaji kwangu hakikuwa pole. Kilikuwa sentensi chache za Kiarabu, nazo nilikuwa nazijua zote: kwamba mkono unawaka, kama umepakwa pilipili kwa ndani, kwamba humpiga mara kwa mara kama umeme, kwamba kitambaa kikimgusa, au upepo ukimpitia, anaona roho yataka kumtoka.

Walipotoka nje niliwaona kupitia dirisha. Jua la alasiri lilikuwa kali na palikuwa na upepo kidogo, kama jina la mtaa lilivyo. Yule dada alikuwa ameufunika mkono wake kwa mkono wa pili, bila ya kuugusa, akiukinga.